Ujumbe wa Kompyuta Unaojirudia: Namna ya Kuusoma na Namna ya Kuutafsiri



Katika kozi yetu ya tafsiri na istilahi tumezoea kuwapa wanafunzi matini za aina nyingi: tangazo la hospitali, mkataba wa kupanga nyumba, maelezo ya dawa. Muhula huu tumeongeza matini ambayo wengi hawaihesabu kuwa matini, nayo ni ule ujumbe mfupi unaotolewa na kompyuta za zamani kumwarifu mtumishi kwamba kazi fulani imefanyika. Tumeichagua kwa sababu ujumbe huo una tabia ya kujirudiarudia. Mtu akiombwa kuueleza kwa Kiswahili bila ya kujua kwa nini unajirudia, huishia kutafsiri maneno na kuiacha maana nje. Na maana yenyewe, kama tutakavyoona, inaweza kuwa ni karo ya mwanafunzi kukatwa mara mbili.

Mfano wetu ni mtambo mmoja tu, ili tusitawanyike. Mwezi Juni 1988 kampuni ya IBM ilitangaza kompyuta iitwayo AS/400. Mwaka 2000 iliitwa iSeries, mwaka 2006 ikawa System i, na tangu 2008 mfumo wake wa uendeshaji unaitwa IBM i. Watumishi wa siku nyingi hawajali majina hayo mapya. Kwao ni AS/400 hadi kesho. Ni ile mashine yenye skrini nyeusi na maandishi ya kijani, isiyohitaji puku. Sifa yake kubwa ni uaminifu kwa mambo ya kale: programu iliyoandikwa kwa lugha ya RPG au COBOL miaka ya 1990 inaweza kuendelea kutumika humo hadi leo. Ndiyo maana wanaohesabu fedha za watu wengi kwa wakati mmoja, kama vile benki na mifuko ya pensheni, hawakuwa na haraka ya kuiacha.

Kazi ya mkupuo na ujumbe wake

Kompyuta hufanya kazi za namna mbili. Ya kwanza ni ya ana kwa ana: unabonyeza, inajibu. Ya pili hukabidhiwa kompyuta ikafanywe pembeni, mara nyingi usiku, bila ya mtu kukaa mbele yake. Mfano wake ni kuhesabu mishahara yote, kuingiza malipo yote yaliyoletwa na benki, au kuchapa barua za madai za wanafunzi wote. Hii ya pili sisi tumeamua kuiita kazi ya mkupuo, kwa kuwa Kiswahili tayari kinasema jambo limefanywa "kwa mkupuo mmoja". Wapo wanaosema kazi ya fungu. Hatuna ugomvi nao, ila fungu linatufikirisha nyanya za sokoni.

Kazi ya mkupuo ikimalizika, mtambo humpelekea aliyeikabidhi ujumbe katika foleni yake ya ujumbe. Kila mtumiaji ana foleni yake, kama kisanduku cha barua. Ujumbe huo una namba. CPF1241 maana yake kazi imefika mwisho wake kama ilivyopangwa. CPF1240 maana yake kazi imekoma kwa namna isiyo ya kawaida. Hapo ndipo malalamiko huanza: mtumishi anafungua skrini asubuhi na kukuta CPF1241 ileile, kwa jina la kazi lilelile, mara mbili, mara kumi, mara mia.

Swali la kwanza: kinachojirudia ni nini?

Kabla ya kugusa chochote, hatuna budi kuuliza kama iliyorudiwa ni kazi au ni habari ya kazi. Kwa bahati nzuri mtambo wenyewe unalo jibu. Ukiweka kishale juu ya ujumbe na kubonyeza kitufe cha F1, unapata maelezo marefu zaidi, na ndani yake jina kamili la kazi. Jina hilo lina sehemu tatu: namba ya tarakimu sita, jina la mtumiaji, na jina la kazi. Kwa mfano 204517/UHASIBU/KARO. Watu husoma KARO wakaishia hapo. Cha kusoma ni ile 204517.

Namba ikiwa ni ileile katika ujumbe wote, kazi ilifanyika mara moja tu, na unachokiona ni habari iliyosimuliwa mara nyingi. Pengine programu yenyewe hutoa tangazo lake mwishoni, na mtambo nao hutoa lake. Au, na hili ni la kawaida kuliko yote, hakuna ujumbe mpya hata kidogo. Foleni ya ujumbe haijisafishi mtu akishasoma. Ujumbe wa Jumatatu utakuwapo Jumanne, na Ijumaa pia, mpaka mtu auondoe. Mgeni wa mtambo huhisi anaambiwa upya kila siku, kumbe anasoma barua ya wiki iliyopita.

Namba zikiwa tofauti, jambo limebadilika. Kazi imefanyika kweli zaidi ya mara moja. Kama ni kuchapa orodha, hasara ni karatasi. Kama ni kutoza faini ya kuchelewa kulipa karo, kila mwanafunzi aliyechelewa ametozwa mara mbili, na ujumbe wote mawili unasema kwa utulivu kabisa kwamba kazi imekamilika kama kawaida. Mtambo hausemi uongo. Kukamilika kama kawaida kwa lugha yake maana yake ni kwamba programu ilianza mstari wa kwanza ikafika wa mwisho bila ya kujikwaa. Kama ilistahili kuanza, hilo halikuwa swali lake.

Sababu zinazorudisha kazi

Sababu isiyo na hatari ni programu kubwa inayozaa ndogo. Kazi moja ya usiku inaweza kukabidhi kazi nyingine kwa kila tawi au kila kitivo, na kila mtoto akimaliza anapiga ripoti kivyake. Vitivo 12, ujumbe 12. Namba ni tofauti, lakini kila moja imefanya sehemu yake. Hapa F1 peke yake haitoshi. Inabidi kumuuliza mwenye programu.

Sababu inayotugusa zaidi sisi watu wa lugha inatokana na saa. AS/400 ina ratiba ya kazi, ambayo huonekana kwa amri ya WRKJOBSCDE, na saa za ratiba hiyo huandikwa kwa tarakimu sita kwa mfumo wa saa 24. Mkuu wa ofisi akisema kazi ianze "saa mbili usiku", opereta mwenye haraka huandika 020000. Hiyo si saa mbili usiku. Ni saa nane usiku. Alipaswa kuandika 200000. (Waganda nao huhesabu saa zao kama Waswahili, kwa hiyo mtego huu hauchagui.) Kesho yake mkuu analalamika kwamba ripoti imechelewa, na opereta anaongeza mstari mpya wenye saa sahihi bila ya kuufuta ule wa kwanza. Ratiba haikatai. Inaruhusu mistari miwili yenye jina moja, na kuitofautisha kwa namba ya mstari tu. Tangu usiku huo kazi inafanyika saa mbili na inafanyika tena saa nane. Anayechunguza aanzie hapo: afungue ratiba, atafute jina linalotokea mara mbili, kisha alinganishe saa za ratiba na saa zilizoandikwa ndani ya ujumbe.

Umeme ukikatika, ambalo si jambo geni kwetu, huja sababu nyingine. Kila mstari wa ratiba una maagizo ya nini kifanyike iwapo saa ya kazi ilipita mtambo ukiwa umezimwa. Usipobadilisha kitu, agizo ni kwamba kazi ikabidhiwe mara mtambo utakapowaka. Sasa chukua opereta mwaminifu anayeingia ofisini asubuhi, anajua umeme ulikatika usiku, naye anaianzisha kazi kwa mkono ili kuokoa muda. Mtambo ulikwisha kuianzisha. Uaminifu umezidi.

Ipo pia programu ya mtindo wa zamani ambayo haitegemei ratiba. Ikimaliza kazi yake, inajikabidhi yenyewe upya kwa saa ya kesho. Mtindo huo ulipendwa, na ni wa werevu, mpaka siku mtu atakapoianzisha mara ya pili kwa kudhani imekufa. Hapo kunakuwa na minyororo miwili, kila mmoja ukijizaa upya kila usiku, na hakuna mahali kwenye ratiba ambapo utaona kosa. Huonekana katika foleni ya kazi zinazongoja: jina moja, namba mbili.

Swali lililozikwa

Tumefikia jambo lililotufanya tuandike makala hii.

Si kila ujumbe ni taarifa. Upo ujumbe wa swali, ambao mtambo huutoa ukiwa umesimama njiani ukingoja mtu ajibu. Mfano mzuri ni CPA5305. Faili la kawaida la AS/400, likitengenezwa bila ya maelekezo maalumu, huwa na nafasi ya rekodi 10,000, na linaruhusiwa kuongezwa mara 3 kwa rekodi 1,000 kila mara. Jumla ni 13,000. Kwa chuo kilichokuwa kidogo faili hilo lilipotengenezwa, zilitosha sana. Chuo kinakua, malipo yanaongezeka, na usiku mmoja rekodi inayofuata haina pa kuingia. Kazi haifi. Inasimama na kuuliza: faili limejaa, nifanye nini? Miongoni mwa majibu yanayokubalika ni herufi C na herufi I.

Swali hilo haliendi kwa mhasibu aliyekabidhi kazi. Huenda kwenye foleni ya opereta, iitwayo QSYSOPR. Na kama kazi za usiku hukabidhiwa kwa jina la opereta huyohuyo, basi taarifa zote za kumalizika nazo hurundikana katika foleni ileile. Swali moja limekaa kati ya ujumbe mia wa "imekamilika". Kazi inangoja. Mara nyingi foleni ya kazi za mkupuo huruhusu kazi moja tu kwa wakati mmoja, hivyo na zilizo nyuma yake zinangoja. Mishahara inangoja swali la karo.

Opereta anaingia, anaona mrundikano, anachoka, anasafisha. Skrini ya ujumbe inampa vitufe viwili vinavyofanana kwa mbali. F13 huondoa ujumbe wote. F16 huondoa wote isipokuwa maswali yasiyojibiwa. Akibonyeza F13, lile swali nalo linaondolewa, lakini mtambo hauwezi kuiacha kazi ikingoja jibu lisilokuja. Kwa hiyo unaipa jibu lililowekwa tayari na watengenezaji, na mara nyingi jibu hilo ni C, yaani katisha. Kazi ya karo inakatishwa katikati: rekodi 13,000 zimeingia, zilizobaki hazimo, na wanafunzi waliolipa wanasomeka kama wadaiwa mlangoni mwa chumba cha mtihani. Hakuna aliyetoa amri ya kukatisha. Mtu alikuwa anafagia tu.

Hivyo kero ya ujumbe unaojirudia si kero ya macho peke yake. Hufundisha watu kutosoma.

Namna ya kupunguza kelele bila ya kuziba masikio

Dawa ya haraka inayotolewa kila mahali ni kuiagiza kazi isipeleke ujumbe popote: katika amri ya kukabidhi kazi, SBMJOB, sehemu ya foleni ya ujumbe huandikwa MSGQ(*NONE). Sisi tungesita. Agizo hilo hunyamazisha CPF1241, na hunyamazisha CPF1240 vilevile. Habari ya kukoma vibaya inapotea pamoja na habari ya kumaliza vizuri. Lafaa kwa zile kazi ndogo zinazozaliwa na kazi kubwa, endapo kazi kubwa ina njia ya kugundua mtoto aliyeanguka. Kwa kazi inayogusa fedha, au alama za mitihani, halifai.

Njia tunayoiona bora ni kutengeneza foleni ya pekee kwa ajili ya taarifa za kumalizika, kisha kuelekeza kazi zote za usiku huko. QSYSOPR inabaki na maswali na mambo mazito. Asubuhi opereta anasoma QSYSOPR kwanza akiwa na macho mapya, halafu ile foleni ya taarifa. Na kwa anayehofu kwamba kuhamisha ujumbe kutapoteza ushahidi, mtambo una kitabu chake cha kumbukumbu, QHST, ambacho husomwa kwa amri ya DSPLOG. Humo kuanza na kuisha kwa kila kazi huandikwa hata kama hakuna foleni iliyopokea habari.

Kuhusu faili lililojaa, kujibu I kila usiku si matibabu. Faili linaongezewa nafasi kidogo, na swali litarudi litakapojaa tena. Wapo waliokaa wakiandika I, I, I hadi vidole vikafa ganzi. Ukomo wenyewe ubadilishwe kwa amri ya CHGPF, ama kwa kuweka idadi inayolingana na chuo cha leo, ama kwa kuondoa kikomo kabisa.

Sasa tutafsirije?

Mwanafunzi anayepewa CPF1241 na CPF1240 hukimbilia "kazi imekwisha" kwa zote mbili, kisha anabandika "vizuri" au "vibaya" mwishoni. Macho ya mtu aliyechoka hayafiki mwishoni. Kiswahili kina vitenzi vya kutosha kuliweka tofauti hilo mwanzoni: kukamilika ni kufika ukingoni na kila kitu kimo, kukoma ni kusimama, kumefika au hakujafika. Tunapendekeza "Kazi ilikamilika" kwa 1241 na "Kazi ilikoma kabla ya kukamilika" kwa 1240. Kwisha tukiache, maana hata mafuta ya taa hukwisha.

Tazama pia kwamba tumeandika ili-, si ime-. Wanafunzi wengi hupenda "imekamilika" kwa kuwa ndivyo tunavyosema mezani. Lakini -me- humfanya msomaji aone hali iliyopo sasa, kama kwamba kazi imemalizika muda huu. Ujumbe huu unakaa siku nyingi katika foleni na umebeba tarehe na saa yake. "Ilikamilika tarehe 14, saa 20:41" inamwambia msomaji wa tarehe 18 kwamba hii ni habari ya zamani. Kiambishi kimoja kinapunguza theluthi ya mkanganyiko tuliouanza juu, ule wa kudhani ujumbe umekuja upya. Theluthi ni ya kukisia, lakini mwenye shaka aijaribu kwa wenzake. Saa nayo ibaki katika mfumo wa mashine, 20:41, na kama nafasi inaruhusu iongezwe "usiku".

Herufi C na I zina ugumu wake. I ni ya kwanza katika neno la Kiingereza lenye maana ya kupuuza, na kamusi itakupa "puuza" bila ya kusita. Opereta akisoma "C = katisha, I = puuza" ataelewa kwamba I ni kuliacha swali lilivyo, jambo ambalo ni kinyume kabisa cha kinachotokea. Kinachopuuzwa ni kikomo cha faili. Kazi inaendelea. Kwa hiyo hapa tafsiri iandike "I = ongeza nafasi, kazi iendelee", na herufi yenyewe isiguswe, kwa sababu mtambo hautambui nyingine. Tumeona rasimu ambamo mwanafunzi mmoja alibadilisha C kuwa K ili ilingane na "katisha". Alikuwa na mantiki, na angemsimamisha opereta mbele ya skrini inayokataa kila anachoandika.

Vitufe F13 na F16 ndivyo tunavyowaachia kama zoezi la wiki ijayo. Kila kimoja kipewe maelezo yasiyozidi maneno manne, kwa kuwa mstari wa chini wa skrini hauna nafasi zaidi, na mtu ambaye hajawahi kusoma makala hii aweze kujua ni kipi kitakachokatisha kazi inayongoja. "Ondoa zote" na "Ondoa zote ila maswali" tumekwisha kuyapokea kutoka kwa darasa la mwaka wa pili. La pili tunalipenda. La kwanza bado halimwonyi mtu.